Mabel na Stanley Waachishwa Biskuti

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku njema ya kuanza jambo kubwa. Mvua, lakini ya kistaarabu. Kuanzia leo fereti wangu, Mabel na Stanley, hawali tena punje za mfuko, kile chakula kikavu cha dukani. Nyama mbichi tu! Fereti ni mwindaji, ndugu wa damu wa kicheche, na babu zake hawakuwahi kufungua mfuko kwa mkasi.

Chanzo ni Cyril Haigh, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta na mwenyekiti wa chama chetu cha wafuga fereti. Jana, kwenye baa ya Bibi Sugden, mbele ya wanachama wote, alimnyanyua Stanley, akamgeuza tumbo juu, akamnusa, kisha akauliza kama huyu ni fereti au mgeni wa chai ya saa kumi, maana ananuka biskuti. Watu walicheka mpaka bia ikawatoka puani. Akaongeza kwamba fereti wake hawajaonja punje tangu waachishwe ziwa. Wanakula sungura, na manyoya yake! Ndiyo maana wanang'aa, akasema. Nilimchukia kwa moyo wote. Nilimwamini pia.

Nimemweleza mke wangu, Doreen. Alikuwa anaifuta tuba yake, lile tarumbeta kubwa la shaba analopiga kwenye bendi ya kijiji. Aliuliza nani atasafisha. Nikasema mimi. Akacheka kidogo. Sikukipenda kile kicheko.

Jioni: vipapatio vya kuku, vibichi. Mabel alivitazama kama mtu aliyeletewa soksi za mtu mwingine. Stanley alikilalia cha kwake, akasinzia.

Jumanne, 7 Oktoba

Hawajagusa. Mabel ameshinda akikwaruza kabati palipokuwa mfuko wa punje. Mfuko wenyewe nimeutupa, nisije nikalegea.

Nimejaribu kuwaonyesha mfano. Nilipiga magoti sakafuni, nikashika paja la kuku kwa meno, nikanguruma. Stanley alipiga chafya. Tarishi alikuwa dirishani. Barua zetu kaziacha kwa Cyril.

Doreen hafurahi. Anasema fereti hawezi kufungishwa, tumbo lake ni dogo na siku moja ya njaa inatosha kumlaza. Nilimwambia nina mpango. Akaweka kikombe chini. "Sikiliza, Wilf. Wanyama hawa wakiumia, au nyumba hii ikigeuka machinjio, nawapeleka kwa Cyril kwa mikono yangu mwenyewe. Na usije ukanililia."

Doreen hatanii kuhusu wanyama. Nimeogopa, naandika ukweli. Tangu watoto wetu waondoke, nyumba imekuwa kimya mno, na Stanley hulala ndani ya mkono wa sweta langu nikisoma gazeti. Siwezi kumwona analala kwenye sweta la Cyril.

Jumatano, 8 Oktoba

USHINDI! Bakuli jeupe! Hata mfupa haukubaki!

Niliongeza miguu ya sungura kutoka buchani. Kabla birika halijachemka, imekwisha. Mabel hubeba wake mpaka nyuma ya kochi, haonekani tena. Anaona haya kula mbele za watu. Malezi mazuri hayo.

Nikamwita Cyril kwenye ua, nikamdokezea juu juu tu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Akashangaa. Akauliza mara mbili kama kweli wamekula. Wivu huo! Mwishowe akasema basi nizungumze kwenye mkutano wa chama, Alhamisi ya wiki ijayo, niwaeleze wenzangu nimefanyaje. Nimeanza kuandaa hotuba. Nimeanza na historia ya ulimwengu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wananenepa. Manyoya yanameta. Mchana hupotea kwa muda mrefu, kisha hurudi wameshiba, wanalamba midomo. Hiyo ndiyo nguvu ya nyama mbichi: mnyama anapata hamu ya kutembea.

Kuna harufu ndani ya nyumba. Nimechunguza kwa makini na nimebaini ni mfereji wa maji machafu wa Cyril. Nimemwambia ana kwa ana. Maskini kashinda mvuani, kapiga magoti, anazibua mfereji kwa fimbo ndefu. Hakupata kitu. Anadai harufu inatoka kwangu. Mtu akishindwa hoja huwa hivyo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Harufu imekomaa. Doreen ameitupa jibini yote. Amenusa viatu vyangu, kisha akaninusa mimi, kisha akaniamuru nikaoge. Nimeoga. Harufu ipo palepale.

Ameuliza kama nina hakika fereti wanakula ile nyama. Nilimwonyesha bakuli. Ushahidi gani zaidi ya bakuli? Akanikumbusha alichosema kuhusu machinjio na Cyril. Nikamwambia awe na amani, akafanye mazoezi ya tuba yake. Hawezi, ana kidonda mdomoni, hajaipuliza wiki nzima. Imeegemea tu nyuma ya kochi.

Hotuba imefika enzi ya mafuriko ya Nuhu.

Alhamisi, 16 Oktoba



Mkutano ulijaa, pale pale kwa Bibi Sugden. Mabel na Stanley niliwaweka juu ya meza, wanono, wanang'aa. Wanachama waliwapitisha mkono kwa mkono na kuguna kwa heshima. Hata Cyril aliguna. Kwenye chumba cha nyuma cha baa ile ile, bendi ilikuwa imeanza mazoezi. Wimbo wa kanisani wa polepole. Doreen alikuwa amepona mdomo. Nilisema moyoni, maisha ni matamu.

Nikaanza. Nikafika kwenye maneno "na leo, mabibi na mabwana, hata mfupa haubaki." Papo hapo, nyuma ya ukuta, ukatoka mlio wa ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Wimbo ukakatika. Mtu akapiga yowe. Viti vikaburutwa.

Mlango ukafunguka. Doreen. Mkononi, mguu wa sungura wa rangi ya kijani. Akauweka mezani mbele yangu. Akarudi alikotoka. Akaja na mwingine. Akaja na vipapatio. Akavipanga vizuri, kimoja baada ya kingine, kama anaandaa chakula cha Krismasi. Kuku na sungura wa wiki nzima, vyote vilifichwa ndani ya tuba!

Kweli, fereti huficha vitu. Kila mtu anajua. Mimi pia najua. Ila nilidhani ni fereti wa watu wengine.

Stanley alipoiona mali yake alishuka taratibu kutoka mikononi mwa watu, akachukua kipande kimoja, akakiingiza ndani ya koti langu. Akarudi kuchukua kingine. Hakuna aliyemzuia. Cyril akauliza kwa upole mkubwa kama hotuba inaendelea.

Doreen akasema mbele ya wote kwamba Jumamosi fereti wanahamia kwa Cyril. Watu wakamtazama Cyril. Nilitegemea atashangilia. Badala yake alikohoa, akasema ataona, akakohoa tena.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeosha tuba kwenye beseni la kuogea. Ina kona nyingi kuliko nilivyodhani.

Doreen hajabadili neno. Nimewapakia blanketi lao na mpira wao. Jioni Stanley aliingia kwenye mkono wa sweta, akalala. Sikugeuza ukurasa wa gazeti, nisimwamshe. Nina huzuni, basi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ya ajabu!

Niliwabeba kwa kapu mpaka kwa Cyril. Alinipokea mlangoni bila kunikaribisha, akisema niwaache tu hapo, atawashughulikia mwenyewe. Nikamwambia siwezi kuwaacha wanangu kizingitini kama chupa za maziwa. Nikaingia kwa nguvu mpaka jikoni.

Mabel akaruka kutoka kapuni. Hakunusa huku wala kule. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la chini ya sinki, akalifungua kwa pua, kama mwenye nyumba, akaingia. Ikasikika kra, kra, kra.

Nikainama. Mfuko wa punje! Mkubwa kuliko wangu, kampuni ileile! Na nyuma yake, palipopita bomba la zamani, tundu kwenye ukuta, na upande wa pili wa tundu, jikoni kwangu. Wiki nzima wamekuwa wakija kula kwa Cyril! Wala hawakuwa peke yao. Sauti ya mfuko iliwaita fereti wa Cyril wenyewe, wale mabingwa wa sungura na manyoya yake, wakaja mbio wakapanga foleni.

Cyril aliketi. Uso ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kipara. Akasema aliwahi kuwapa sungura, miaka mingi iliyopita, na walimtumia kama mto wa kulalia. Akasema alikuwa anashangaa mbona mfuko unaisha haraka. "Wilf, ndugu yangu, usiniumbue. Mimi ni mwenyekiti."

Nilimwacha atokwe jasho kidogo. Ilinifaa sana moyoni. Kisha tukapatana: mimi sijaona mfuko, na yeye hawezi kuwachukua fereti wangu. Tukaenda wote kwa Doreen. Cyril akamwambia mgongo unamsumbua, fereti zaidi hawezi. Doreen alitutazama sisi wawili, Cyril, halafu mimi, halafu Cyril tena. Akasema sawa, wanabaki, lakini kuanzia leo anawalisha yeye, na mimi nitashika kijiko nikiambiwa.

Wanabaki! Nimeziba tundu. Nimemkumbatia Stanley. Aling'ata sikio langu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Sijaandika kwa sababu nilikuwa nashika kijiko.

Doreen ana njia yake ya kuwazoesha nyama. Anaponda punje mpaka ziwe unga, anachanganya na mchuzi wa kuku wa vuguvugu, anatia nyama ya kusaga kidogo, anampaka Mabel puani kwa kidole. Mabel anajilamba kwa hasira. Kesho yake hasira imepungua. Nyama inaongezwa, unga unapunguzwa, pole pole, na Doreen habanduki mpaka aone wamemeza. Bakuli tupu halimdanganyi.

Leo wamekula paja la kuku bichi, zima, mbele ya macho yetu. Mifupa ilisikika. Doreen alinishika mkono bila kujijua. Nilifurahi kuliko siku nyingi.

Sasa wanakula nyama mbichi kweli. Nimefikiri sana na nimeona kwamba kazi ilikuwa ya Doreen, ila wazo lilikuwa langu, na wazo ndilo kubwa.

Jumapili, 2 Novemba

Cyril alikuja kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi. Amesikia. Akaniomba kwa siri niwaachishe punje fereti wake pia, asiaibike kwenye maonyesho ya chama. Nikamkubalia kwa ukarimu.

Hajafika hata getini kwake, akaja mwanachama mwingine, kwa mlango huohuo wa nyuma. Naye kumbe analisha punje! Naye ananiapisha nisiseme. Kisha mwingine. Kumbe chama kizima! Miaka yote hii tunadanganyana kuhusu sungura. Hata Bibi Sugden, mwenye baa, alikuja na kitambaa kichwani asijulikane.

Wote nimewakubalia. Wataleta fereti wao Jumamosi, wakati Doreen amekwenda na bendi kwenye mashindano. Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Jikoni patatosha tukikaa kwa nidhamu, na chumba cha kulala kipo.

Njia nimeiboresha. Mchuzi unachukua muda mrefu mno, na kuponda punje kunachosha mkono. Tutaruka hatua hizo. Nitaanza moja kwa moja na sungura wazima, na mabakuli yakiwa meupe tutajua wameshakula.

Doreen sijamwambia. Anarudi Jumapili jioni, na nataka niwe mlangoni niuone uso wake.