Mkono Ndani ya Kauri

Juba nzima hakuna aliyejua vyombo vya kauri kumshinda Marial. Hayo aliyasema Marial mwenyewe, na hakupata mpinzani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa anashindana.

Jumapili hiyo alikuwa mtaa wa Hai Cinema, sebuleni kwa wazazi wa Lilly, msichana aliyetaka kumwoa. Kwa Wadinka wa kwao, mchumba hali mbele ya wakwe. Njaa yake ndiyo heshima yake. Lakini mzee Ojok, baba yake Lilly, ni Mwacholi aliyekulia Uganda, na kwake mgeni anayekataa chakula anaidharau nyumba. Marial alikuwa ameshakataa mara mbili.

"Leo kijana anakula ama anakataa tena?" mzee aliuliza. "Kama chakula yetu iko mbaya, sema. Huyu binti tutapea mtu mwingine."

"Nimeshiba, mzee wangu," alijibu Marial, tumbo likinguruma kama meli ya mizigo ikiondoka bandarini. Ili kuufunika mngurumo huo, akakimbilia chombo cha maua kilichokuwa juu ya kabati. "Aisee, mama, hii kazi ni ya wapi?"

"Ya sokoni," alisema Mama Lilly.

"Tazameni umbo. Shingo nyembamba, mabega mapana, kiuno cha malkia aliyewakataa wafalme. Na haya maua ya buluu yanavyopanda, kama kwaya inayotafuta sauti ya juu." Akafumba macho, akapapasa. "Nje ni laini. Lakini fundi wa kweli hujulikana kwa ndani."

Akazamisha mkono. Ndani, vidole vikakutana na kaak, zile biskuti za sukari ambazo Mama Lilly huwaficha wajukuu. Marial hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana. Vidole vikajikunja vyenyewe.

Mkono ukakataa kutoka.

"Ndani iko namna gani?" aliuliza mzee.

"Kuna mikwaruzo, mzee wangu. Ufundi wa kale sana."

"Mimi nilinunua Krismasi," alisema Mama Lilly.

Lilly alikuwa ameuma leso asicheke. "Marial, toa mkono tule."

"Bado nahisi ufinyanzi."

Akavuta. Akazungusha. Akakikumbatia chombo kifuani kama mtoto mwenye homa, jasho likimtiririka. Mwishowe Mama Lilly akamwinamia sikioni, kwa ile sauti ya kina mama kanisani.

"Mwanangu, achia kaak. Mkono utatoka."

Akaachia. Ukatoka, mweupe kwa sukari mpaka kwenye saa.

Marial aliona ndoa yake ikichukua viatu mlangoni. Mzee Ojok akautazama mkono, akakitazama chombo, kisha samaki wa mchuzi waliokuwa wakipoa mezani. Polepole uso wake ukalegea.

"Mama Lilly," akasema, "kumbe kijana anakula. Ni sahani yetu tu ndio haina umbo. Mimina samaki humo ndani."

Na Mama Lilly, ambaye habishani na mumewe mbele ya wageni, akanyanyua upawa.