Kiti cha Ubavuni mwa Katibu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Najiunga na Chama cha Historia ya Mji. Dada kaniuliza tangu lini mimi na historia, mtu ambaye asubuhi tu alikuwa anatafuta miwani iliyo usoni mwake. Nikamjibu kwamba mtu akishavuka hamsini lazima ajue alikotoka. Akacheka mpaka akajishika mbavu. Hakuna anayenikera duniani kama dada yangu, na ndiye pekee niliye naye.

Ukweli nauandika hapa tu. Wiki iliyopita Katibu wa chama alikuja karakanani kwangu na viti vya ukumbi wao vilivyochanika. Mimi ni fundi wa makochi, wateja nimewaona wa kila namna. Huyu alikalia kiti kimoja kimoja, akawa ananieleza: hiki kinalalamika, hiki kimechoka, hiki bado kijana. Mjane. Sauti ya chini, halafu kicheko cha ghafla kinachokukuta hujajiandaa. Nikajipiga nyundo kidole gumba, nikasema si kitu. Tangu hapo nikiinua kichwa ni yeye, nikiinamisha ni yeye. Kapera wa miaka hamsini na tatu! Aibu. Lakini aibu tamu.

Alhamisi, 6 Machi

Upelelezi. Nimerudisha viti mwenyewe badala ya kumtuma mtu wa mkokoteni, ili nione ukumbi. Uko juu ya maktaba. Nimepokelewa na Mwenyekiti, mkunga mstaafu, ambaye kila unayemtaja atakwambia ni yeye aliyempokea akizaliwa.

Kanieleza utaratibu, na kumbe vyama vyote vya historia vya eneo hili vinaufuata. Sakafuni wamechora mitaa ya zamani kwa chaki. Kila mwanachama anaweka kiti chake pale ilipokuwa nyumba ya watu wake. Asiye na nyumba ya zamani anakaa kwenye benchi la mlangoni, ambalo wamelibandika jina la Stendi.

Katibu anakaa kwenye nyumba ya baba yake. Ubavuni mwake pana kiti kitupu. Hapo palikuwa na nyumba ya tanuri la mikate, ikabomolewa, na siku hizi hakuna anayesema ni kwao.

Mimi nyumba sina. Mama alinileta mji huu mgongoni, akafua nguo za watu, tukahama chumba hadi chumba. Mahali pangu ni Stendi, karibu na ndoo ya deki. Kutoka Stendi unamwona Katibu kisogo tu. Ni kisogo kizuri, sikatai. Hakitoshi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya! Niliposimamishwa kujieleza nilikuwa nimejiandaa kusema maneno ya unyenyekevu. Nikajikuta nimenyoosha kidole kwenye kile kiti kitupu. Pale! Nyumba ya mikate! Nikasema nilizaliwa humo, kitinda mimba, nikapelekwa mbali kulelewa kabla sijaota jino.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikajua nimekwisha. Mara Mkunga akainuka, akanikazia macho, akapiga makofi: ananikumbuka! Alinipokea kwa mikono yake mwenyewe! Nilitangulia miguu, nikalia kama mbuzi! Watu wakashangilia. Na mimi nikashangilia, nikafurahi sana kwamba nimezaliwa.

Nikaketi. Bega kwa bega na yeye! Ananukia sabuni. Nilipogeuka nilimkuta ananitazama na macho yamemlenga machozi. Nikajiambia, haya sasa, mambo yameiva. Akainama kidogo, akaniambia kwa adabu zote: Shikamoo, mjomba.

Mjomba?

Jumapili, 9 Machi

Nimeshafafanuliwa. Baba yake Katibu alioa msichana wa jirani. Jirani wa ubavuni. Mama yake Katibu alitoka nyumba ya mikate. Mimi nimejitangaza mtoto wa nyumba ya mikate. Kwa hiyo mimi ni kaka wa mama yake. Nyumba zote za mji huu, nimekwenda kujipachika kwenye tumbo la bibi yake!

Nilipomsimulia Dada alikaa sakafuni kabisa. Alipopata pumzi akauliza kama naye sasa ni mama mdogo, na aanze lini kuamkiwa.

Nimeitikia marahaba. Ningeitikia nini?

Jumatano, 12 Machi

Nikisema kweli, ni Stendi, au ni mlangoni kabisa, na hatanitazama tena. Nisiposema, ni mjomba mpaka nife. Nimepata njia ya katikati: niache ujomba kidogokidogo, asitambue. Nimepaka nywele rangi nyeusi. Nimevaa shati la maua. Nikaenda kwake kwa kisingizio cha kupima kochi.

Akafungua mlango, akasema mjomba leo umependeza, utadhani kijana. Moyo ukaruka. Ila kulikuwa na joto, na rangi ikaanza kunitiririka shingoni. Akanipa kitambaa. Akamimina chai. Akatoa picha ya mama yake, akaniambia pua yangu na ya marehemu ni moja.

Nimeichunguza kwenye kioo nilipofika nyumbani. Haifanani hata kidogo. Nilitamani ifanane, apate alichokuwa anakitafuta usoni kwangu. Hapana, nilitamani isifanane. Sijui nilitamani nini. Nilitamani kurudi pale mezani.

Jumamosi, 15 Machi

Adui katokea. Chama cha Ng'ambo, yaani wenzetu wa ng'ambo ya mto, walikuja kututembelea. Kati yao yumo mpima ardhi mstaafu, mgane, mrefu, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukukata. Namwita Bwana Ramani. Kachomoa futi mfukoni, kapima chaki zetu, katangaza kwamba mtaa wetu umepinda.

Umepinda! Na Katibu akacheka. Kile kicheko cha ghafla, ambacho nilishaanza kukihesabu changu! Nikasimama, nikasema mtaa ule nimezaliwa mimi, na ulikuwa umepinda vilevile. Mkunga akaniunga mkono. Akaongeza kwamba na mimi nilitoka nimepinda, ikabidi aninyooshe.

Nimerudi karakanani nimenuna. Nimepigilia misumari kochi la mteja mpaka halikaliki.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeona nitumie cheo. Kama mimi ni mjomba, basi mjomba anashauri. Nikamwambia Katibu ajihadhari na mwanamume anayetembea na futi. Leo anapima mtaa, kesho atapima sukari unayotia kwenye chai. Akacheka, akasema hata yeye alimtania hivyohivyo Bwana Ramani, naye akavuta futi akampima kikombe. Anasema hajacheka vile tangu afiwe.

Halafu akashusha macho. Bwana Ramani anataka waoane. Anataka kuja kuzungumza na mkubwa wa upande wake. Upande wa baba wamekwisha, upande wa mama wamekwisha. Nimebaki mimi. Eti aje kwangu Jumamosi?

Nikasema aje. Ulimi huu! Sijui nani alinifungia mdomoni.

Lakini ngoja. Ngoja kwanza. Anayeombwa ruhusa ni mimi. Mimi! Neno moja tu ninalo la kusema, na neno lenyewe ni hapana. Nimelifanyia mazoezi mbele ya makochi yote. Linatoka vizuri.

Jumamosi, 22 Machi

Nilimwekea kochi lililokatika springi. Akazama mpaka magoti yakakaribia masikio. Hakulalamika. Dada alileta chai, akajitambulisha kama mama mdogo, akaamkiwa, akaona raha mpaka nikaona haya.

Nikajiweka sawa kusema lile neno. Bwana Ramani akaanza yeye. Akasema hana maneno mengi. Tangu mkewe afariki bado anapika cha watu wawili, mkono umezoea, halafu anamwaga nusu. Amechoka kumwaga.

Jamani. Nilitegemea anisifie nyumba yake nimchukie vizuri. Mimi sufuria hilo nalijua. Langu dogo tu.

Nikamwambia nipe muda nitafakari. Akashukuru. Ilibidi mimi na Dada tumvute mikono kumtoa kwenye kochi.

Jumapili, 23 Machi

Nikaona liwalo na liwe. Nikaenda kwa Katibu asubuhi, bila rangi kichwani, na sentensi zangu mbili. Ya kwanza: mimi si mjomba wako. Ya pili ndiyo hasa iliyonipeleka.

Nikaitoa ya kwanza. Akajibu anajua.

Anajua! Amejua tangu siku nilipokaa. Mama yake alikuwa mtoto wa pekee. Na Mkunga alihamia mji huu wakati mimi ni mtu mzima mwenye ndevu. Nikamuuliza, sasa kwa nini ulinyamaza? Akasema kile kiti kilikuwa kitupu ubavuni mwake tangu mama yake afariki, na kila Jumamosi alikuwa anajilazimisha asikitazame. Halafu akaja mtu anayetamani kuwa na kwao mpaka anadanganya mbele ya ukumbi mzima, jasho linamtoka. Akaona amwachie. Na alipoita mjomba na mtu akaitika, akasikia raha. Alikuwa hajamwita mtu jina la ukoo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo aliona kila kitu. Aliona sina nyumba. Aliona rangi ya nywele. Kitu kimoja tu hakukiona, nacho kilikuwa kimekaa mbele yake kinakunywa chai.

Akasema watu wote wamemwambia aolewe, lakini anataka asikie kwa mtu wake. Akaniuliza, unasemaje, mjomba?

Sentensi ya pili ilikuwa hapa, nyuma ya meno. Nikaimeza. Nikasema, olewa, mwanangu. Ni mtu mwema.

Mwanangu! Nimesema mwanangu!

Akanikumbatia. Nimekumbatiwa na Katibu. Ndiyo hivyo ilivyokuja. Nampenda. Haya, nimeandika, angalau limekaa mahali.

Jumapili, 18 Mei

Wameoana. Nimewapa kochi jipya, kitambaa cha bluu, sponji nzuri kuliko zote nilizowahi kukata. La watu wawili. Nilipolishona nilijaribu kukaa upande mmoja. Upande wa pili ulibaki juu, haukushuka. Nikaondoka.

Nilimwingiza ukumbini mimi, mkono wake kwenye mkono wangu, kutoka mlangoni hadi mbele. Nilitembea kama mtu mwenye jipu, nifike polepole. Watu wakasema mjomba ana huzuni kumtoa mwanawe. Mkunga akawasimulia wageni jinsi nilivyotangulia miguu.

Kabla hajapanda gari kwenda Ng'ambo, Katibu aliniambia nisiongope tena. Nyumba ya zamani si lazima. Mtu ukishapendwa mahali, hapo ni kwako. Maneno mazito. Nikamwapia kwamba sitarudia. Nililia, wakadhani ni vumbi, kwa sababu niliwaambia ni vumbi.

Jumamosi zitakuwa ndefu. Kiti chake sasa kiko kitupu, na anayekaa ubavuni akijitahidi asikitazame ni mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimejiunga na Chama cha Ng'ambo.

Sikuenda kwa ajili yake. Nilikwenda kwa ajili ya historia. Nilikuwa nimeazimia kusema kweli tupu: mama alinileta mgongoni, nyumba sina, nionyesheni benchi. Nikapanda ngazi. Nikamwona amekaa pale ilipokuwa nyumba ya kina Bwana Ramani, ananiinulia mkono. Ubavuni mwake, kiti kitupu.

Safari hii nilitumia akili. Kwanza nikamvuta pembeni Katibu wao, nikauliza ile nyumba ya ubavuni kama kuna binti yake yeyote aliyeolewa kwa kina Bwana Ramani. Akasema hata mmoja. Salama! Nikasimama mbele ya wote, nikanyoosha kidole. Pale! Nilizaliwa pale!

Nilichosahau kuuliza ni nyumba ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya babu yake Bwana Ramani. Alikuwa na nyumba mbili zilizopakana, huku analala, kule anaweka wanawe. Wazee wakanizunguka. Bwana Ramani, ambaye hajui kama mimi kwa mkewe ni mjomba wa kuazima, akashangaa kwanza, akahesabu vidole, akafurahi sana, akaniita baba mdogo. Akasema kumbe ni undugu pande zote mbili!

Katibu akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakawa yanatikisika. Kikamponyoka, kile kicheko cha ghafla, ukumbi mzima ukageuka, na nikawa nimekaa karibu yake kiasi kwamba nilikisikia chote. Kisha akasimama, akajikaza, akaniamkia: Shikamoo, baba mkwe.

Marahaba.

Mwezi ujao amealikwa kuzungumza Chama cha Mlimani. Nimeanza kuulizia nyumba.