Tafadhali Msikirudishe Kitabu cha Sura ya Saba

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, ambaye pia ni Baba Mdogo wangu,

Jumapili niliondoka kwako chai ikiwa bado kikombeni. Si kwamba ilikosa sukari. Ni pale uliposema kwamba kamati inakaa Ijumaa, na ukipata kura za kutosha, vitabu vyote mlivyovipiga marufuku enzi zetu vitarudishwa madarasani, kila mwanafunzi na nakala yake. Mama Mdogo akatikisa kichwa kukubali. Mume wangu akakazia macho sahani ya maandazi. (Bado naandika neno “mume wangu” polepole, Baba Mdogo, ili nilifaidi.) Nililotaka kusema pale naliandika hapa, kwa heshima. Naipinga hatua hiyo kwa moyo wangu wote, na malalamiko yangu ni haya.

1. Itaua usomaji. Wewe mwenyewe ndiwe uliyetufundisha kusoma, ingawa huenda hujui. Asubuhi ile ulisimama mbele ya shule nzima, ukakiinua juu kile kitabu cha binti wa posta, jalada likitutazama, ukasema ni marufuku kukisoma, hasa sura ya saba, ambamo binti anamjibu baba yake. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amekisikia. Kufikia mapumziko hakuna aliyezungumza kingine. Vilivyoruhusiwa vilikuwepo tele kwenye rafu nyuma ya darasa, na kile kinene cha Jiografia kilitufaa sana kuegemeza dawati lenye mguu mfupi. Sasa mkikirudisha cha binti wa posta, mwalimu atakiwekea maswali. Eleza sifa tano za mhusika mkuu. Taja mafunzo manne. Baba Mdogo, hakuna mapenzi yanayoweza kustahimili mafunzo manne.

2. Itaua ndoa kabla hazijazaliwa. Hapa naomba uvumilie, maana nikianza kumzungumzia mume wangu huwa sijui pa kuishia. Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, iliyoletwa na jirani yangu wa dawati tuliyemwita Redio, na ilikuwa nene mno kufichika. Tukafanya kama darasa letu lilivyofanya siku zote: tukakipasua katikati, taratibu, kufuata uzi. Kila nusu ilikuwa na mtunzaji wake na haikutoka mkononi mwake, ili balaa likija limkute mmoja. Anayetaka kujua yaliyomo anamfuata mtunzaji, anasimuliwa. Nusu ya kwanza ilikaa ndani ya kitabu changu cha Kilimo. Ya pili alipewa kijana mrefu wa kando ya dirisha lililovunjika, akaificha ndani ya Hesabu.

Unaona mwenyewe jambo lilikokuwa linaelekea. Nilipomaliza nusu yangu sikuwa na njia ila kumfuata bombani nyuma ya karakana, nikijifanya nakinga maji ya kupigia deki. Alinisimulia kidogo kidogo, kwa sauti ya chini, na ndoo yangu ilifurika mara nyingi. Siku aliyofika mwisho, pale kijana anapomwomba binti wa posta waoane, aliniambia binti alikubali kabla swali halijaisha. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Miaka ikapita, yeye akawa fundi friji, na siku moja nimesimama katikati ya mafriji yaliyofunguliwa matumbo, yeye ana grisi mpaka kwenye nyusi, akaanza kuniuliza. Nami nikakubali kabla swali halijaisha. Ningewezaje kumfanyia kidogo kuliko binti wa posta alivyomfanyia yule wake?

Sasa kila mtoto mnampa kitabu kizima. Atamfuata nani bombani?

3. Itaua ushirikiano shuleni. Kiranja aliyetakiwa kutukamata ndiye aliyekuwa akitukoholea mwalimu anapokaribia, kwa sababu naye alikuwa hajafika sura ya saba. Hata mwalimu wa Kiswahili, aliyeninyang'anya nusu yangu Ijumaa moja, alinirudishia Jumatatu imenyooshwa kurasa, akaniuliza kwa adabu kabisa kama namfahamu mwenye nusu ya pili. Sijaona tena walimu na wanafunzi wakipatana vile.

4. Sababu uliyoitoa haina mashiko. Ulisema mtoto akisomea mbele ya mwalimu atauliza, ila akisomea chini ya dawati atabuni. Kwa heshima zote, Baba Mdogo, sisi hatukubuni hata koma. Mume wangu alikohoa uliposema hivyo, nadhani kwa mshangao.

5. Badala ya kuruhusu, ongezeni marufuku. Naomba Ijumaa mpige marufuku kitabu cha Hesabu, hasa sura za mwisho ambazo hakuna anayefikaga. Kemia nayo ifungiwe kabatini, kufuli liwe la kufunguka kwa pini ya nywele. Kanuni za shule zitangazwe kuwa hazifai kusomwa na mtu mwenye umri wa chini ya miaka kumi na minane, na zitasomwa siku hiyo hiyo. Mkifanya hivyo matokeo ya mtihani yatapanda mpaka mshtakiwe kwa kuvujisha. Njia hii haina kasoro. Mimi mwenyewe naijaribu nyumbani. Albamu ya harusi yetu iko mezani tangu tuoane, na wageni wanaweka vikombe juu yake. Kuanzia kesho naifungia chumbani, na nitatangaza kwamba picha ya saba haiangaliwi.

Nakuomba uyasome haya mbele ya wajumbe, polepole, hasa la pili. Msalimie Mama Mdogo, mwambie kitenge alichotuzawadia, mume wangu amekataa kisishonwe shuka, anasema kinanipendeza mimi. Wasalimie wajumbe wote, mlinzi wa getini, mpiga kengele, na wadogo zangu wanaosoma hapo, nao uwakataze kitu kizuri.

Ni mimi mwanao, ambaye sasa nina mtu wa kunishikia bahasha nikiandika anwani,

Mke wa Fundi

Tanbihi. Bahasha nimeifungua tena. Niliona nizishone pamoja zile nusu mbili, yangu na yake tulizozitunza hadi leo, nikutumie, ziwe ushahidi mbele ya kamati. Mume wangu akasema nisijisumbue, uzi wenyewe haba. Nikazishika hivyo hivyo, na nusu yake ndiyo mara ya kwanza naikamata mkononi. Baba Mdogo, haina mwisho. Kijana anauliza, mstari unafika ukingoni mwa ukurasa, na baada ya hapo ni gundi kavu tu. Nimemuuliza mume wangu, akaanza kufuta bisibisi iliyokuwa safi. Anasema karatasi ile ilipotea tangu kwa Redio, na mimi nilikuwa nimesimama pale bombani na ndoo imejaa, namtazama vile, sasa yeye aseme nini. Halafu akaniuliza kama jibu lenyewe sikulipenda.

Nililipenda, na langu silijutii. Lakini nataka kujua la yule binti.

Kwa hiyo futa ya kwanza mpaka ya tano. Ijumaa kipigieni kura kirudi, kila mtoto apewe nakala yenye kurasa zote mpaka jalada la nyuma. Moja nitunzie. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kuisomea hapo hapo sebuleni kwako, nimalizie na chai yangu, na mume wangu atakaa pembeni bila kunisimulia chochote.