Miaka Kumi na Tisa Nyuma ya Usukani

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi,
ambaye pia ni dada yangu wa tumbo moja.

Dada, shikamoo.

YAH: KUPOKONYWA USUKANI WA GARI LA BIBI HARUSI

Nakuandikia rasmi, ingawa tunaishi ua mmoja na hapa nilipo naisikia redio yako. Jana kamati ilikaa bila mimi, ikaamua kwamba binti yako, mpwa wangu, atapelekwa ukumbini na yule msichana wa gari la mikate, Dada Mikate, mwenye miaka ishirini na minne, eti ana uzoefu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi nina miaka sitini na mitatu. Leseni yangu ni kubwa kwa umri kuliko Dada Mikate mwenyewe, na haina hata mkunjo. Yeye askari wa barabarani wamemsimamisha mara mbili. Mimi, hata siku moja.

2. Mnasema yeye yuko barabarani kila siku tangu alfajiri. Sawa. Mimi nimekaa nyuma ya usukani wa gari langu, pale uani, kila siku baada ya chakula cha mchana kwa miaka kumi na tisa. Kwamba muda wote huo gari lilikuwa juu ya mawe ni suala la kiufundi, lisichanganywe na uzoefu. Mzoefu ni mtu aliyezoea, nami kiti kile nimekizoea mpaka kimechukua umbo langu. Sijagonga mtu. Kuku wako alitagia kiti cha nyuma na vifaranga wote wakatoka salama.

3. Kwa breki hakuna wa kunifikia. Kila nikipewa lifti nakanyaga breki safari nzima, tena upande wa abiria, ambako breki yenyewe haipo.

4. Shemeji aliuliza mbele ya watu kama najua kurudi rivasi. Bibi harusi anakwenda kuolewa; arudi nyuma kufuata nini?

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mpwa wangu alipokuwa na miaka sita alikuwa akikaa nami ndani ya gari lile, miguu haifiki chini, tunasafiri mpaka aitwe kuoga. Aliniahidi kwamba siku ya harusi yake nitampeleka mimi.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe usukani. Fundi amekwisha kufunga magurudumu leo asubuhi. Kamati ikikataa, basi ukumbi uhamishiwe hapa uani, wageni wapite mbele ya gari kwa mstari, nami nitapiga honi mpaka bibi harusi ahesabike amefika.

Wasalimie wanakamati, mpishi, mpiga picha, na hasa shemeji. Mwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi mdogo wako,
Dereva Mzoefu

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mpwa wangu alikuja kukaa nami kama zamani. Nikatoa breki ya mkono ili ajionee. Gari likaondoka lenyewe kuelekea bafu la nje. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, ila mguu ulikwenda upande wa abiria ulikozoea, ukakanyaga kiatu cha harusi alichokuwa anakijaribu. Yeye ni mzima, anacheka mpaka machozi. Shemeji naye ni mzima, isipokuwa ana sabuni machoni na hana ukuta. Tafadhali mwite Dada Mikate upesi, aje na rivasi yake. Siku ya harusi aendeshe yeye. Mimi nitakaa nyuma na mpwa wangu. Breki za huko niachieni mimi.