Kijerumani Kimeingia Chemchem

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimepata wazo. Kubwa! Limenijia kibandani nikitengeneza redio ya mteja, na redio yenyewe ndiyo imenipa. Mtaalamu alikuwa anasema mtoto anayesomeshwa kwa Kijerumani pamoja na lugha ya nyumbani anatulia akili, anashika mambo upesi, na akikua anaweza kusoma vyuo vya ufundi hukohuko Ujerumani. Nikasisimka, waya ukagusa pasipotakiwa. Redio imezima moja kwa moja. Mteja hajaelewa kwamba ameshiriki jambo la kihistoria.

Jioni nimerudi nyumbani Chemchem. Mjukuu wangu Julieth yuko chini ya meza tena. Ana miaka sita. Mama yake, binti yangu Suzana, alimleta kutoka Nzega ili asome mjini. Tukampeleka chekechea moja ya Kiingereza. Huko kila akisema Kinyamwezi anavishwa kibao shingoni, wenzake wanamcheka. Sasa hasemi kitu. Hata kuku wetu hawasemeshi, na mwanzoni walikuwa wakiongea kutwa.

Jirani yangu Abbasi, dereva wa bajaji, alikuwa uani kwake anamkaririsha mwanawe Sabiri shairi la Kiingereza. Kwa sauti. Ameelekea upande wetu! Sawa. Yeye ana Kiingereza. Mimi naleta Kijerumani.

Mke wangu Mektilda ameuliza nani atafundisha. Nimemwambia hayo mambo madogo tutayaona.

Alhamisi, 4 Septemba

Kitabu cha kufundishia kimepatikana! Si kitabu hasa. Ni jenereta. Iko gereji kwa Godbless, imekufa miaka mingi, imetengenezwa Ujerumani, na ubavuni ina kibati chenye maandishi mekundu. Maneno marefu, mengine yana nukta juu ya herufi. Nimesimama mbele yake kama niko kanisani. Maneno makubwa na mekundu namna ile hayawezi kuwa maneno mabaya. Lazima ni salamu rasmi. Tafsiri nitaitafuta bando likirudi.

Mchana nimepita kwa wazazi wenye watoto wadogo hapa mtaani. Nimewaeleza kwamba boma la Wajerumani lipo hapahapa Tabora na reli walianza wao, kwa hiyo lugha imo ardhini, sisi tunaifukua tu. Wameshangaa sana. Nimeshangaa na mimi, maana sikujua kama nitasema hivyo.

Julieth nimemtoa chekechea. Mektilda amehamia kulala chumba cha mtoto.

Jumanne, 9 Septemba

Darasa limeanza sebuleni! Watoto wamejaa mpaka kwenye mkeka wa jikoni. Nasema, wanapokea: “Forisikiti! Lebensigefari! Nikiti berureni!” Sauti inatoka mpaka barabarani. Wanaopita wanasimama. Abbasi amezima bajaji kusikiliza, kisha akauliza maana yake. Nimemjibu kwamba haitafsiriki.

Julieth hakutoka chini ya meza. Nimeinama nikamwimbia peke yake, polepole. Akaziba masikio.

Hapo nimeumia. Mtoto huyu alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Niliondoka nikajifanya naangalia mlango.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku gani hii! Niandike kabla sijalala.

Asubuhi sokoni nimewaona Wazungu wawili, mama mmoja aitwaye Heike na mumewe, wamesimama na baiskeli zilizojaa vumbi. Wanafuata njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Kwa kukanyaga! Nimeuliza watu wanatoka nchi gani. Ujerumani. Nikahisi mbingu imenitazama mimi binafsi. Nikawaalika waje wakague darasa. Alikuwa nao mwenyeji wao, dada mmoja wa makamo aitwaye Bertila, amezaliwa Kipalapala nje kidogo ya mji, akawatafsiria. Wakakubali.

Wazazi nimewaita wote. Abbasi nimemwita wa kwanza, nikampa kiti cha mbele.

Watoto wakasimama. Wakapiga kelele kwa nguvu zao zote, kama nilivyowafunza.

Mama Heike akaruka nyuma. Mumewe akainua mguu mmoja, akaanza kutazama sakafuni, kisha ukutani, kisha kwenye dari. Nikadhani ndivyo wanavyoheshimu wimbo wa taifa. Nikainua mguu na mimi.

Dada Bertila akakaa chini akicheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akaniambia sikioni: “Mzee Vedasto, watoto wanasema, ‘Tahadhari! Hatari ya kifo! Usiguse!’”

Nimetamani sakafu inimeze. Abbasi alisikia. Abbasi ana masikio ya popo!

Lakini sikiliza kilichofuata. Katika kucheka kule, dada Bertila akaona miguu midogo chini ya meza. Akalala kifudifudi pale sakafuni na gauni lake zuri, akamsalimu kwa Kinyamwezi, “Wangaluka,” kisha akaendelea na maneno mengine taratibu, kama watu wanaofahamiana. Sebule yote imekaza shingo.

Julieth akajibu.

Sauti ilitoka ndogo, imekwaruza kama mlango wa siku nyingi. Kisha akasema neno jingine. Kisha mengi! Akatambaa akatoka. Mektilda alikuwa ameshika chai ya wageni, ikamwagika yote na hakuna aliyesogea kufuta. Dada Bertila akamwonyesha yule mama Mzungu, akamwambia kwamba kwao wanasalimu hivi: “Guten Morgen.” Julieth akamtazama mama Heike juu mpaka chini. “Guten Morgen,” akasema. Safi! Kama amezaliwa nayo.

Mama Heike akaitika, akapiga magoti ampe mkono. Nilikuwa bado nimesimama kwa mguu mmoja.

Jumatano, 17 Septemba

Mtaani wananiita Mwalimu Hatari. Abbasi akipita anapunguza mwendo wa bajaji, anapaza sauti, “Usiguse!” Wazazi kadhaa wamechukua watoto wao. Sijali. Yaani najali, lakini nina kazi.

Nimekwenda Kipalapala kumwangukia dada Bertila. Kumbe ameishi Ujerumani miaka mingi akifundisha watoto wadogo kwenye shule ya lugha mbili. Amerudi kumtunza mama yake. Nimemwomba aje. Nimetumia maneno yangu yote mazuri, na asali ya chupa kubwa.

Amekubali kwa masharti. Siku nusu Kiswahili, nusu Kijerumani. Hakuna kibao, hakuna kucheka lugha ya mtu. Na mimi nisifundishe kitu, hata kuhesabu. Nitagonga kengele.

Nimemuuliza, huyu Julieth anatoka Kinyamwezi, Kiswahili chenyewe bado anajifunza, tukimwongezea na Kijerumani kichwa hakitapasuka? Akasema mtoto kama huyu tayari anajua kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili, kwa hiyo jina la tatu halimtishi. Kinachomtisha ni kuambiwa lile la kwanza ni aibu.

Kisha akaniuliza neno “shule” nadhani limetoka wapi. Nikasema limetoka kwa mababu. Akasema limetoka kwa Wajerumani!

Nimerudi njia nzima na baiskeli nikiisukuma kwa mkono. Maisha yangu yote nimekuwa nikisema Kijerumani bila kujua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sijaandika muda. Nilikuwa natazama tu.

Sijui nielezeje. Watoto wanahama lugha kama mtu anayetoka sebuleni kwenda uani. Wakikosea wanacheka, wanarudia. Juzi mtoto wa Josepha, yule muuza vitumbua, alikuwa na hesabu imemshinda kwa Kiswahili, akaizungusha kwa Kijerumani, ikakubali! Nimeona kwa macho yangu kupitia dirishani, kazi ya kengele ikiwa imeisha. Na asubuhi Abbasi amemleta Sabiri. Hakunitazama. Alisema alikuwa anapita tu, mtoto akashuka mwenyewe.

Leo mama Heike amepiga simu ya video. Wamefika Ujiji! Wamesimama mahali njia inapoishia kwenye maji, wameungua jua, wanataka kumwona Julieth. Nikamshikia simu.

Akaanza kuongea. Peke yake. Sentensi fupifupi, lakini nzima. Kule wamesikiliza, wamecheka panapotakiwa, wamemuuliza, amewajibu. Mimi nimeelewa jina lake tu. Dada Bertila akaninong'oneza kwamba anawasimulia tuna kuku wawili, mmoja mpole na mwingine anamchukia babu. Kweli kabisa! Kisha Julieth akamgeukia Mektilda akamtafsiria kwa Kiswahili, akageuka tena mlangoni akawaambia kuku kwa Kinyamwezi kwamba wamesifiwa Ujiji.

Nimemkabidhi Mektilda simu nikatoka nje. Nililia kama mtoto, nimeegemea bajaji ya Abbasi. Abbasi alikuwemo ndani yake. Hakusema “Usiguse”. Alisogea, nikakaa.

Baadaye nikajaribu kumuaga Julieth kwa Kijerumani. Akanisahihisha matamshi. Mara tatu! Kwa upole, kama mtu anayemvusha mzee barabara.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya misa nimekaa peke yangu nikawaza, na hitimisho nimelifikia. Kichwa cha mtoto ni ajabu ya Mungu. Kadiri anavyoanza mdogo ndivyo lugha inavyoingia. Redio ilisema, dada Bertila amesema, mimi nimeona.

Sasa kwa nini tusubiri wazaliwe?

Eustadia, mke wa mwendesha bodaboda wa nyumba ya kona, ana mimba kubwa. Levina wa genge la nyanya vilevile. Nimeongea nao wote, wamekubali kuja Jumatatu kukaa kwenye viti karibu na spika yangu kubwa. Mektilda amejifungia chumbani. Dada Bertila sijamwambia, ana shughuli nyingi, nisimsumbue.

Walimu hatuhitaji. Nitafundisha mwenyewe. Hawa wanafunzi hawawezi kunisahihisha.