Kufuli la Waya kwa Kila Kishikwambi

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi; Ndugu Makamu wake, ambaye leo ndiye Mwenyekiti kwa kuwa Mwenyekiti amekwenda kwenye maandalizi mengine; Mwalimu wa Darasa la Kinamama Walezi; Dada wa Stoo, mshika ufunguo; Mzee Mlinzi wa getini, uliyenipapasa mifuko kana kwamba sijulikani, nami nakupongeza kwa hilo ingawa nimeumia; wageni mlioalikwa, wageni mliojialika, kinamama wote mliobanana kwenye mabenchi, watoto mliobebwa, mliolala na mnaolia; na kama yupo niliyemruka, basi ajitaje mwenyewe kimoyomoyo, nami nitakuwa nimemtambua. (Makofi. Mtoto mmoja anacheka peke yake.)

Mimi, Mkurugenzi Msaidizi wa Usalama wa Vifaa Vinavyobebeka, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wenzangu ofisini wamekiri hawajapata kuuona kwa mtu wa cheo kama changu, ili kuzindua rasmi Programu Shirikishi ya Kufuli la Waya kwa Kila Kishikwambi na Kompyuta Mpakato, kwa kifupi PROSHIKUWAKI, jina ambalo peke yake lilitugharimu vikao vinne na semina moja ya nje ya ofisi, ambako wadau walilitamka mmoja mmoja mpaka likakaa mdomoni. (Makofi machache. Mama mmoja anajaribu kulitamka, anaishia katikati, anacheka.)

Ndugu zangu, tuliokabidhiwa dhamana hatulali. Vishikwambi kumi na tisa mlivyoletewa kwa ajili ya masomo vimo stoo mwezi wa tano sasa, ndani ya maboksi yake, karatasi za plastiki hazijabanduliwa, kwa amri yangu mwenyewe kwamba kisitoke hata kimoja bila kufuli. Na takwimu za idara zinaonyesha kuwa katika kipindi hicho wizi umeshuka kwa asilimia mia moja, na matumizi nayo yameshuka kwa asilimia hiyohiyo, uwiano ambao kitaalamu unaitwa mafanikio pacha. (Mama Pacha, benchi la mbele, mtoto mmoja mgongoni na mwenzake mapajani: "Mheshimiwa, mapacha ninao mimi! Mtihani wa cheti ni Alhamisi, na leo Jumatatu. Unafanywa kwenye hivyohivyo vishikwambi. Chekechea wameniwekea nafasi ya ulezi, lakini bila cheti wanampa mwingine. Na sisi hata kioo chake hatujakigusa!" Kelele: "Mwambie, mama!")

Nakushukuru, mama, kwa mchango wako, ambao tumeupokea na utaingizwa kwenye kumbukumbu chini ya kichwa cha maoni ya wadau. Sasa nieleze teknolojia, kwa lugha nyepesi, maana mimi nikianza ya kitaalamu hata mimi mwenyewe hupotea. Kufuli lenyewe ni waya wa chuma uliosukwa na kuvishwa plastiki, mrefu kama mkono wa mtu mzima; ncha moja ina kichwa chenye namba nne za siri, na kichwa hicho kinaingia kwenye kitundu kidogo kilicho ubavuni mwa kompyuta, klik; ncha ya pili ina kitanzi, kinachozungushwa mguu wa meza, na kuanzia hapo kompyuta na meza vinakuwa mwili mmoja, mwizi akitaka kimoja abebe vyote. (Seremala aliyemsindikiza mkewe, akiwa mlangoni: "Mheshimiwa, meza inainuliwa tu upande mmoja, waya unachomoka chini ya mguu!" Vicheko.)

Swali zuri, na ndiyo maana tumeunda Kamati Ndogo ya Mguu wa Meza, ambayo inafanya upembuzi yakinifu wa miguu yote mitatu. (Seremala: "Meza ina miguu minne!") Mguu wa nne uko feizi ya pili. (Mwalimu, kwa upole: "Na samahani, mheshimiwa, sisi hatuna meza. Tuna mabenchi.") Meza nazo ziko feizi ya pili, Mwalimu, usitangulie ratiba.

Yupo pia mtu atakayesema, kwa sababu watu hawakosi la kusema, kwamba kitundu hicho kipo kwenye kompyuta mpakato ila kwenye vishikwambi hakipo. Tulilibaini hilo mapema kabisa, baada ya kushindwa. Tukachukua kishikwambi kimoja cha ofisini, tukampa fundi mwenye keekee akitoboe kitundu ubavuni, na nawatangazia kwa fahari kwamba jaribio lilifaulu: kitundu kipo, kizuri, cha duara, na kishikwambi hakijawaka tena mpaka leo; na utafiti wetu unathibitisha kuwa kishikwambi kisichowaka hakiibwi. (Vicheko virefu. Dada wa Stoo anasimama, ufunguo mkononi: "Mheshimiwa, mimi nachoka. Kila asubuhi kinamama wananiomba, nami nawarudisha kama mchawi. Sema neno moja nifungue.")

Neno moja, dada yangu? Katika utumishi wangu wote sijawahi kusema neno moja. Na hata ningetaka, mikono yangu imefungwa na waraka, waraka ambao niliuandika kwa mkono huuhuu, na ili kuondoa minong'ono nausoma hapa hadharani, aya ya saba: "Kifaa hakitatoka stoo isipokuwa kwa kufungwa imara kwenye kitu ambacho mwizi hawezi kuondoka nacho bila kupigiwa kelele." Sikilizeni uzito wa sentensi hiyo! Niliiandika kwa mkao mmoja, bila kufuta! (Mama Pacha anainuka taratibu.)

Naona mama anasimama. Mama, muda wa maswali uko mwisho wa programu. ("Sina swali, baba. Rudia hapo pa kelele.") "Bila kupigiwa kelele." ("Basi shoga, nishikie huyu mdogo." Anampa jirani yake mtoto wa mapajani, anavuta mbeleko ya pili kutoka kwenye kapu. "Dada wa Stoo, nipe kimoja." Dada wa Stoo hangoji kuambiwa mara mbili, anatoka, anarudi na boksi. Mama Pacha anakilaza kishikwambi kifuani, anakizungushia mbeleko mara mbili na kufunga fundo ubavuni, lile fundo la mama aliyezoea kubeba wawili, kioo tu kikibaki nje. "Haya. Mwizi na aje aondoke na mimi, na huyu wa mgongoni, halafu tusimpigie kelele." Shoga yake: "Huyo wa mgongoni akiamka, mtaa wa pili wanafunga madirisha!" Ukumbi mzima unaangua kicheko. Mheshimiwa anausoma waraka tena, midomo ikicheza.)

Subirini... kufungwa... imara... kwenye kitu... (Mwalimu: "Haisemi waya, mheshimiwa." Mzee Mlinzi, kutoka getini: "Wala meza haisemi!") Ndugu wananchi, naomba utulivu. Naomba utulivu kwa sababu mnashuhudia kile nilichokipanga tangu mwanzo! Haya ndiyo matunda ya uongozi shirikishi! Dada wa Stoo, wagawie wote, kila mwenye mbeleko kimoja, asiye na mbeleko aazime. Katibu, andika kwamba feizi ya kwanza imekamilika kwa asilimia mia na kumi, hiyo kumi ni ya huyo mtoto wa mgongoni. (Vigelegele. Mabenchi yanabaki matupu, kinamama wote wako mlango wa stoo. "Taratibu jamani, vipo vya kutosha!" "Nibane zaidi, shoga, nisije nikaaibika!")

Basi nikisema kishikwambi, mniitikie kifuani! Kishikwambi! (Wachache, bila kugeuka: "Kifuani!") Mwizi! ("Atajuta!") Cheti! (Wote, kwa sauti moja: "Alhamisi!")

Mwisho kabisa, na mwisho wangu huwa na sehemu tatu ila leo nafupisha, nawashukuru kwa mapokezi, kwa makofi, na zaidi kwa ubunifu wenu, maana mmenipunguzia kazi kubwa; sasa nikirudi ofisini nitaweza kufungua faili la mradi huu, ambalo halijafunguliwa, nitawatafuta watu wa zile kamati, ambazo hazina watu, na kuhusu makufuli yenyewe niseme ukweli kwa kuwa mmekuwa wakarimu: hayajaagizwa, hayajaombwa, na mpaka dereva ananishusha hapo getini mimi nilijua nakuja kufungua choo kipya. Asanteni sana. (Hakuna makofi. Kinamama wamerudi kwenye mabenchi, vichwa chini, kila mmoja anagusa kioo kwa ncha ya kidole kama anayepima joto la uji wa mtoto. Mama Pacha anainua uso: "Mwalimu, njoo uone! Kimeniuliza jina langu. Nimeliandika, kimelikubali!")