Mraba Ulioimeza Pemba

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Mkataba wangu unaisha Ijumaa. Nafasi ya kudumu ni moja, tunaigombea wawili: mimi na Erica. Bosi wetu, Bi Rukaya, anataka kila mmoja alete ramani ya joto la bahari ya pwani yetu, mwaka 2050. Makadirio ya dunia nzima yapo, ila yamegawa bahari kwa miraba mikubwa. Mmoja ni kama kutoka hapa Dodoma hadi Gairo. Inatakiwa modeli ya bahari yetu wenyewe, yaani programu ya kompyuta, ikokotoe upya kwa miraba midogo. Siku tatu, usiku na mchana! Erica ameshaiwasha. Kazi kwake.

Jumanne, 16 Septemba
Nimepata dawa. Nimechukua picha ya yale makadirio ya dunia, nikaikuza, nikalainisha rangi ili miraba isionekane. Dakika ishirini! Nikajiendea zangu Chang'ombe ya hapa Dodoma kula chipsi mayai. Erica anailinda kompyuta, anaomba umeme usikatike. Mimi naomba ukatike.

Alhamisi, 18 Septemba
Haukukatika. Bi Rukaya akaitazama ramani yangu, akauliza Pemba iko wapi. Nikajibu ipo, imefunikwa na joto. Ndipo nikakumbuka kwao ni Wete, hukohuko Pemba. Akataka kujua kama mama yake alimzalia majini. Aibu gani hii! Kumbe kisiwa ni kidogo kuliko mraba, modeli ya dunia inakihesabu kuwa bahari. Mimi mtoto wa Ihumwa, bahari nimeiona kwenye kalenda. Ningejuaje? Amenipa hadi kesho.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimeichora Pemba kwa mkono. Ya kijani, inapendeza. Nikaiweka kusini mwa Unguja.
Bi Rukaya hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema taratibu, Seleman mwanangu, ungeniambia tu hujui. Ramani ya Erica inaonyesha mpaka maji yanavyopita kati ya Pemba na Tanga. Naumia kusema, ni nzuri. Nafasi ni yake. Mama alishawatangazia majirani kwamba nimeajiriwa. Nimekwisha.

Jumamosi, 20 Septemba
Sijatoka kitandani. Erica amepiga simu: amemsihi Bi Rukaya, nimeongezewa mwezi mmoja nitengeneze ramani ya 2080. Jumatatu atanifundisha modeli hatua kwa hatua. Ana moyo mzuri, nilitokwa na machozi.
Lakini ya nini kuhangaika? Nitachukua ramani yake ya 2050, nifute jina, niongeze nyuzijoto moja kila mahali. Atakayeikagua ni Erica mwenyewe. Hawezi kugundua.